Tairi Lisilo na Tyubu: Je, Lafaa Turkana?

Tangu John Boyd Dunlop atengeneze tairi lake la upepo mwaka 1887, mwiba umekuwa adui wa mwendesha baiskeli. Katika Nakalale, Turkana Magharibi, adui huyo ni migunga na mathenge. Makala haya yanafafanua iwapo kuacha tyubu ni dawa.

Tairi lisilo na tyubu hubana ukingo wa rimu iliyobandikwa utepe, na ndani yake hutiwa utomvu wa mpira. Mwiba utoboapo, upepo husukuma utomvu hadi tunduni, ukaganda na kuliziba. Msafiri huendelea bila kushuka.

Hata hivyo, utomvu hukauka baada ya miezi michache, na joto huharakisha ukavu huo. Aidha, tairi jembamba la barabarani hujazwa upepo mwingi, nao huweza kuutapisha utomvu kabla haujaganda. Isitoshe, kulikalisha tairi kwenye rimu kwahitaji upepo wa ghafla, ambao pampu ya mkono aghalabu haiutoi. Tyubu, kinyume chake, yatosheka na kiraka na gundi.

Kwa hiyo, mwenye rimu ifaayo, tairi pana na njia ya kupata utomvu mpya na abadilishe. Asiye na hayo atie utomvu ndani ya tyubu yenye valvu inayofunguka. Wote wawili, wakiondoka Lodwar kuelekea Kakuma, wabebe tyubu ya akiba: tahadhari kabla ya athari.