Shimo la Mungu: Mvua inapotufundisha kushukuru

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, maswahaba wake na kila anayefuata uongofu wao hadi Siku ya Kiyama.

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumzia matembezi ambayo familia nyingi za Masasi hupenda kuyafanya siku za mapumziko, hasa katika msimu wa mvua. Nayo ni kupanda Newala kwenda kutazama Shimo la Mungu. Wapo wanaouliza kama matembezi ya namna hiyo yana nafasi katika dini. Jibu letu ni kwamba yana nafasi kubwa, ila thawabu yake inategemea mtu ametazama nini na amerudi na nini.

Masasi iko chini, katikati ya milima ya mawe kama Mkomaindo. Newala iko juu, kwenye ukingo wa magharibi wa tambarare ya Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Mvua za kule huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili. Wakati wa kiangazi msafiri hukuta vumbi na majani makavu. Mvua zikishakolea, mikorosho, mihogo na mbaazi hufunika nchi yote kwa rangi ya kijani.

Mtu anapofika Shimo la Mungu huona tambarare imekatika ghafla miguuni pake. Chini yake ni bonde pana linaloelekea Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni nchi ya Msumbiji. Asubuhi ya mvua bonde hilo hujaa ukungu mweupe mpaka ukadhani umesimama ufukweni. Kisha jua hutoka, ukungu hupasuka, na misitu ya chini huonekana kidogo kidogo.

Baadhi ya ndugu zetu huogopa hata kulitamka jina la mahali hapo, wakihofia kwamba ni shirki. Tunapenda kuwatoa wasiwasi. Katika lugha ya Kiarabu kitu huweza kunasibishwa na Mwenyezi Mungu kwa maana ya kuwa ni kiumbe chake au kwa kukitukuza, kama tunavyosema Nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa Al-Kaaba, na kama Qur'ani ilivyomtaja ngamia wa Nabii Swaleh (A.S) kuwa ni ngamia wa Mwenyezi Mungu. Anayesema Shimo la Mungu akikusudia kwamba Muumba ndiye aliyelifanya hajakosea. Kosa ni kuamini kwamba Mungu anakaa humo, au kwenda kuomba haja kwa bonde na mawe.

Ama kutazama, hilo tumeamrishwa. Katika Suratul Ghashiya, aya ya 17 hadi ya 20, Mola wetu anatutaka tutafakari jinsi ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Na katika Suratur Rum, aya ya 50, anatuelekeza tuziangalie athari za rehema yake, namna anavyoipa ardhi uhai baada ya kukauka.

Sisi wenyewe tulifanya safari hiyo pamoja na watoto wetu. Tunakiri kwamba njia nzima tulikuwa tukinung'unika. Tope lilikuwa jingi, gari lilikwenda kwa kusitasita, na tulipofika, mvua ilianza upya. Tukakimbilia baraza la duka, ambako tulimkuta bibi mmoja mtu mzima sana amejikinga. Binti yetu mdogo alimsalimu, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha mtoto akatugeukia na kutuuliza, "Baba, mvua yote hii inanyesha, mbona huku juu hatujaona mto hata mmoja? Maji yanakwenda wapi?"

Kabla hatujajibu, yule bibi akasema, "Yanakwenda chini, mjukuu wangu, na sisi tulikuwa tukiyafuata huko huko. Tulitoka alfajiri na mitungi mitupu, tukateremka, tukapanda nayo imejaa. Ukiteleza ukauvunja, huna maji siku hiyo. Hapo mnapopaita pazuri, sisi tulikuwa tukipaita pa kuchosha. Lakini ikinyesha, tulitega vyungu chini ya paa, tukapumzika. Ndiyo maana mimi mvua siwezi kuisema vibaya."

Tuliona haya. Sisi tuliosoma vitabu tulikuwa tumeisema vibaya rehema ya Mola wetu kutoka Masasi hadi pale, na bibi yule akatusomesha kwa maneno machache.

Aliyoyasema yanajulikana tangu zamani. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika kuhusu taabu ya maji ya Wamakonde, ambao makazi yao yalikuwa juu na maji yao yalikuwa mbali. Sababu ni udongo wenyewe. Tambarare ile ina mchanga unaoyameza maji ya mvua upesi, yakazama chini sana, kisha yakajitokeza kwenye chemchemi za mabondeni. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma maji kwa mitambo kutoka chini na kuyapandisha juu.

Ndugu Waislamu, mwenye kuyajua haya atazisoma kwa moyo mwingine aya mbili za Kitabu chetu. Katika Suratuz Zumar, aya ya 21, Mwenyezi Mungu anataja kwamba huteremsha maji kutoka mbinguni akayapitisha ardhini yawe chemchemi. Na aya ya mwisho ya Suratul Mulk inatuuliza ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka, iwapo maji yetu yatadidimia chini. Watu wa Newala wamelijua swali hilo kwa miguu na vichwa vyao, vizazi kwa vizazi.

Imepokewa na Anas bin Malik (R.A), katika Sahihi ya Muslim, kwamba mvua iliwanyeshea wakiwa na Mtume (S.A.W), naye akaifunua sehemu ya nguo yake ili mvua imguse mwilini, akaeleza kuwa imetoka karibuni kwa Mola wake. Na katika Bukhari, Bibi Aisha (R.A) amepokea kwamba Mtume (S.A.W) alipoiona mvua alimwomba Mola aijaalie iwe yenye manufaa. Basi tuwafundishe watoto wetu dua hiyo kabla hawajajifunza kwetu kunung'unika.

Wanaokusudia kwenda tunawausia mambo manne.

Kwanza, walinde roho zao. Ukingo ule hauna huruma kwa mtoto anayekimbia juu ya jiwe lililolowa. Radi inapoanza kunguruma, watu waondoke ukingoni, kwani kujitia katika maangamizi kumekatazwa.

Pili, wazihifadhi swala. Kwa wafuasi wa Imam Shafi, umbali wa kupunguza swala hukadiriwa kuwa kilomita 80 na ushei. Kutoka Masasi hadi Newala haufikii kiwango hicho, hivyo aliyetoka Masasi kwa matembezi hayo huswali kamili. Aliyetoka Mtwara mjini anayo ruhusa.

Tatu, wasiache uchafu. Mtume (S.A.W) ametuhadharisha tusijisaidie njiani, kivulini na penye maji. Na chupa inayotupwa ukingoni huishia bondeni, kwenye mashamba na chemchemi za watu wengine.

Nne, nalo ndilo kubwa, warudi na azma ya kutoa sadaka ya maji. Saad bin Ubada (R.A) alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume (S.A.W) sadaka iliyo bora, akajibiwa kuwa ni maji, naye akachimba kisima kwa niaba ya mama yake. Huko tambarareni si kila mtu anaweza kuchimba kisima kirefu, lakini kila msikiti wenye paa la bati unaweza kufungwa gata na kujengewa kisima cha saruji cha kuhifadhia maji ya mvua, kama wenyeji wengi walivyofanya majumbani mwao. Familia tano zikichanga, jambo hilo linawezekana. Mwenye wazazi waliotangulia asitafute mbali zawadi ya kuwapelekea.

Tulipokuwa tukirudi Masasi mvua ilikuwa bado inanyesha, na tope lilikuwa lile lile. Binti yetu aliutoa mkono dirishani ukalowa, akaomba, nasi tukaitikia.

Mwenyezi Mungu aijaalie mvua yetu iwe ya rehema wala isiwe ya maangamizi, awalipe mama zetu kwa kila mtungi walioupandisha, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru. Amin.

Wabillahi Tawfiq.