Hakimu Akikuuliza Kama Una Wakili

Aliingia ofisini kwangu Alhamisi mchana, mfuko wa rambo ameukumbatia kifuani, mkononi karatasi yenye muhuri wa mahakama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hakimu kasema nije kwenu."

Kabla ya lolote nilitafuta tarehe aliyopokea samansi. Siku 18 zilikwisha pita. Katika kesi ya madai, mdaiwa ana siku 21 tangu apokee wito kuwasilisha utetezi wake kwa maandishi. Tulibakiwa na tatu.

Mama huyu anauza samaki wa kukaanga. Alikuwa anadaiwa shilingi milioni 61 na mkopeshaji mmoja, kwa madai kwamba alimdhamini mdogo wake. Alikwisha pita kwa kishoka, mtu anayejifanya wakili, nje ya mahakama, aliyemtoza 150,000 na kumwandikia barua ya kurasa mbili. Niliisoma yote. Ilisema yeye ni mjane, analea wajukuu wanne, anaiomba mahakama imwonee huruma. Kila neno lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililojibu madai. Hakimu, hata roho imuume vipi, hawezi kumtungia mdaiwa hoja, maana upande wa pili nao umekuja kwake kutafuta haki.

Lipo jambo analoweza kufanya, na huyu alilifanya. Hapa Tanzania, sheria ya mwaka 1969 ilihusu msaada wa kisheria katika kesi za jinai tu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikafungua mlango kwa kesi za madai pia: hakimu au jaji akiona mtu hana uwezo wa kumlipa wakili, na haki inadai asaidiwe, anaweza kuagiza shauri lake lipelekwe kwa mtoa msaada wa kisheria. Hapo mahakama inatumia busara yake. Anayeomba anaweza kukubaliwa au kukataliwa. Wako pia wasaidizi wa kisheria huko mitaani na vijijini. Wanaelimisha, wanapatanisha, nami nawaheshimu sana, ila kumwakilisha mtu mahakamani hawaruhusiwi.

Tukamwaga rambo mezani. Ikatoka kadi ya kliniki ya mjukuu, picha ya marehemu mumewe, rundo la stakabadhi zilizofungwa kwa uzi, na nakala za mikataba miwili, yote kwa Kiingereza. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa milioni 12, na dole gumba lake lipo ukurasa wa mwisho. Wa pili ulisainiwa miezi 14 baadaye, milioni 45. Jina lake limechapwa penye nafasi ya mdhamini. Chini yake peupe: hakuna dole, hakuna sahihi.

"Mama, kwenye huu mkopo wa pili walikuita?"

"Mkopo wa pili upi, mwanangu?"

Nikafungua ule uzi. Stakabadhi zilionyesha mdogo wake alilipa mkopo wa kwanza hadi shilingi ya mwisho. Kesi nzima ilikuwa ndani ya rambo, na kwenye barua ya kishoka haikuwemo hata kidogo. Mama hakuficha kitu. Hakujua tu kwamba hilo ndilo la kusema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Utetezi tuliuwasilisha siku ya 20. Hukumu ilipotoka, mahakama ilisema mkopo wa pili hakuudhamini, ikamwondoa kwenye deni. Angechelewa wiki mbili, huenda ingetoka hukumu ya upande mmoja, nasi tungekuwa tunahangaika kuomba itenguliwe.

Nawe ukiletewa samansi na mfukoni huna kitu, andika nyuma yake tarehe uliyoipokea. Siku ya kwanza kesi inapotajwa, usingoje kuulizwa. Simama useme: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba nisaidiwe kupata msaada wa kisheria." Na ukienda kwa wakili utakayepewa, beba karatasi zako zote, hata zile unazodhani hazina maana.