Biri Baada ya Mlo, na Swali la Mhudumu wa Afya

Mgonjwa anayeulizwa kliniki iwapo anavuta sigara akajibu hapana, huenda anasema kweli tupu. Wapo watu wa makamo ambao hawajapata kununua pakiti ya sigara maishani mwao, lakini mwisho wa juma huketi na marafiki waliosoma nao, nyama na wiski mezani, na baada ya mlo kila mmoja huwasha biri: tumbaku nene iliyoviringwa kwa jani la tumbaku lenyewe, ambayo wengine huiita siga. Kwao huko si kuvuta, ni kukirimiana.

Starehe hiyo ina elimu yake, nami siidharau. Wapenzi wake huipatanisha biri ya jani la kahawia hafifu na kahawa, na ile ya jani jeusi lililochachushwa muda mrefu wakaipatanisha na ramu au konyaki. Huyasifu majani ya Vuelta Abajo, nchini Kuba, kama Mpemba anavyosifu karafuu zake. Ila wepesi na ukali wanaoubishania ni wa ladha tu. Jani la rangi hafifu halina sumu hafifu.

Hoja yao kubwa ni kwamba moshi hawaushushi kifuani, bali huuzungusha kinywani na kuutoa. Ni kweli kwamba mapafu yao huathirika kidogo kuliko ya mvuta sigara. Kinywa hakipati nafuu hiyo. Moshi wa sigara za kawaida kwa kawaida una asidi, hivyo nikotini yake hufyonzwa hasa mapafuni. Moshi wa biri una alkali zaidi, na nikotini hupenya moja kwa moja kwenye utando laini wa kinywa. Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara, na huchukua saa moja au zaidi kwisha. Uchachushaji ule ule unaoipa ladha huzalisha nitrosamini, kemikali zisababishazo saratani.

Kisha huja glasi. Pombe huufanya utando wa kinywa upitishe kemikali kwa urahisi, na mwili, pamoja na bakteria wa kinywani, huigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo huharibu vinasaba. Vitu hivi viwili vikikutana, hatari ya saratani ya kinywa, koo na umio haijumlishwi, huzidishwa.

Kisa cha Ulysses Grant, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani, chafaa kukumbukwa. Baada ya ushindi wake wa Fort Donelson mwaka 1862, magazeti yalimtaja akiwa na biri, na watu waliompenda wakamtumia maelfu yake kama zawadi. Katika kiangazi cha mwaka 1884, akila tunda la pichi, alihisi maumivu makali kooni. Daktari aliyemtazama alimshauri amwone tabibu wake. Tabibu huyo alikuwa safarini Ulaya, na Grant akangoja hadi Oktoba ndipo akafika kwa bingwa wa koo. Alifariki tarehe 23 Julai 1885. Tiba ya zama zile huenda isingemwokoa hata kama angewahi. Ya leo huwaponya wengi, ugonjwa ukibainika mapema.

Kwa hiyo, ndugu mhudumu, uliza kuhusu tumbaku ya aina yoyote, hata ya siku za sherehe, kisha uulize huambatana na kinywaji gani. Nawe unayesoma haya kama mgonjwa, usingoje kuulizwa. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 3, doa jeupe au jekundu lisilofutika, sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa, maumivu ya kumeza, uvimbe wa shingo, au sikio moja linalouma ilhali lenyewe ni zima: lolote kati ya hayo ni sababu ya kwenda kuonwa. Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine. Mgonjwa hutoa meno ya bandia kama anayo, hunyanyua ulimi, na mhudumu mwenye tochi na glavu hutazama sakafu ya kinywa na kingo za ulimi hadi nyuma kabisa, kisha hupapasa kwa kidole, maana uvimbe mwingine huguswa kabla haujaonekana.