Kijumba cha gari kisikulize: chagua gundi, acha kubahatisha!

HEBU vuta picha, msomaji. Umejibana mwaka mzima, umeacha viatu vya bei mbaya na ofa za wikiendi, na hatimaye pikapu yako imepata kijumba mgongoni. Kitanda kimo, jiko dogo limo, na dirisha la kuhesabia nyota. Mambo safi! Wewe na laazizi wako mnatoka Dar, Chalinze hiyo, Segera hiyo, mpaka Lushoto. Saa nane usiku mvua inaanza. Saa nane na nusu, tone la kwanza linakutua puani.

Hapo utamkumbuka fundi na mababu zake wote. Lakini mara nyingi mchawi si plaiwudi wala ribiti. Ni ile tyubu ya gundi uliyoichagua kwa sababu ilikuwa rahisi.

Wengi wetu tunachanganya mambo mawili. Kuna gundi ya kushikia, ambayo kazi yake ni kuzuia bati lisiruke na kumfuata mwenye basi la nyuma. Halafu kuna gundi ya kuzibia, ambayo kazi yake ni kuzuia maji. Ukimpa mmoja kazi ya mwenzake, umekwisha.

NYUMBA INAYOCHEZA

Nyumba ya Kinondoni imetulia pale ilipojengwa. Kijumba cha gari hakitulii. Barabara ya vumbi inakipiga mtikisiko, na jua nalo linafanya yake. Bati la alumini la mita 4, likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lilivyokuwa alfajiri, hurefuka karibu milimita 4. Plaiwudi iliyo chini yake hairefuki hivyo kwa joto. Gundi iliyo katikati inavutwa huku na huku kila siku. Kama ni ngumu mithili ya jiwe, inapasuka. Unahitaji inayoshika na kunyumbulika.

NANI AFANYE NINI

Silikoni: kipenzi cha mafundi bomba. Kwenye sinki na bafuni, mwache atambe. Kwenye bodi ya gari ni noma. Rangi haimshiki, na akianza kuachia, gundi mpya haikubali pale alipokuwa mpaka ukwangue mabaki yote. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na chuma huanza kutu.

PU, yaani poliuretani: hii ndiyo inayoshikilia vioo vya mbele vya magari ya kisasa. Inashika kisawasawa na inavutika kama mpira. Ugonjwa wake ni jua. Ikiachwa wazi huchakaa, hivyo ipake rangi au ifunike. Pia ikiwa mbichi ina kemikali za isosayaneti, ambazo zinaweza kukuletea pumu. Vaa glavu, fungua milango.

Haibridi, au MS polima: anavumilia jua kuliko PU ya kawaida, hana isosayaneti, na aina nyingi zinapakika rangi. Kwa viungo vya nje vya paa, mwite huyu.

Tepu ya butili: haikauki, inabaki laini kama bigijii. Iweke chini ya fremu za madirisha na matundu ya hewa, kisha kaza skrubu. Siku ukitaka kufungua, inafunguka bila ugomvi. Ila haibebi uzito. Uzito ni wa skrubu.

Epoksi: ile ya kuchanganya mbili. Ina nguvu, lakini ikikauka ni ngumu. Nzuri kwa mbao na kazi za faiba, si kwa kiungo kinachocheza.

Gundi ya kapeti: ya ndani tu, kubandikia vitambaa. Joto huilegeza. Na angalia, nyingi hula lile povu jeupe la kufungashia TV. Kama umeliweka ukutani kuzuia joto, litayeyuka mbele ya macho yako.

USAFI KWANZA

Hata gundi ya bei kubwa haishiki juu ya vumbi na mafuta ya mikono. Osha, piga msasa, futa vumbi, pitisha spiriti safi kwa kitambaa kisafi, kisha subiri ikauke kabisa. Petroli usiiguse, inaacha mafuta. Na ukishakamua PU, usilainishe kwa kidole chenye spiriti. Alkoholi inaizuia kukauka vizuri.

Kosa jingine ni kubana mpaka gundi yote itoke. Acha unene wa milimita 2 au 3 ili ipate nafasi ya kunyumbulika. Vipande vidogo vya mpira vikiwekwa katikati vitakulindia huo unene.

Usidanganyike na ugumu wa juu. PU hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kama milimita 3 hivi kwa siku ya kwanza, kisha mwendo unapungua. Mkanda mpana uliojificha kati ya mabati mawili unaweza kudai wiki nzima. Fundi anayekupigia honi jioni ile ile kwamba gari tayari, mwambie asubiri.

MFUKONI JE?

Tyubu ya mililita 300, ukiikamua kwa upana wa milimita 5 na kimo cha milimita 5, inakupa mita 12 tu. Pima viungo vyako kabla ya kwenda dukani. Soma tarehe ya mwisho, kisha iminye. Kama imekakamaa, au ilikuwa inaota jua dirishani, mwachie mwenye duka.

Mwisho, kabla ya safari, mwambie laazizi akae ndani na tochi huku wewe unamwagia paa maji ya mpira kwa dakika kumi na tano, kona kwa kona. Kama kuna tundu, ni bora mlijue Jumamosi mchana mkiwa uani kwenu, nguo kavu zikiwa karibu.

Safari njema. Mrudi wakavu!