Picha Isiyo na Maelezo Hupotea Ikiwa Mkononi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulikusudiwa wafanyabiashara, lakini siku hizi unawahusu vilevile watu wote waliohifadhi picha, vyeti na hati za jamaa zao katika simu na kompyuta. Mjini Kampala upo mfano unaolithibitisha jambo hili.

Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC), lilikutwa kabati lililojaa negativu za picha zipatazo 70,000. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, na nyingi zilihusu utawala wa Idi Amin wa mwaka 1971 hadi 1979. Humo mna picha za magwaride, ziara na mikutano ya hadhara, na za raia walioshtakiwa kwa makosa ya uchumi. Mwezi Januari 2018 UBC, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani na Chuo Kikuu cha Western Australia, ilianza kuzigeuza negativu hizo kuwa picha za kompyuta. Mwezi Mei 2019 baadhi yake zilionyeshwa hadharani katika Jumba la Makumbusho la Uganda.

Negativu hizo zilikuwa zimetiwa katika bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Lau bahasha zingalitupwa, zingalibaki maelfu ya nyuso zisizo na siku wala mahali. Mtu aliyesimama mbele ya waamuzi angeonekana, lakini asingejulikana ni nani, alishtakiwa lini, wala kwa kosa gani. Hata hivyo, bahasha moja haiwezi kutaja kila uso uliomo. Kwa jamaa anayemtafuta ndugu aliyepotea katika miaka ile, jina moja lililoandikwa lina thamani kuliko picha mia zilizo bubu.

Maandishi ya namna hiyo, yaani habari zinazoeleza habari nyingine, wataalamu huyaita metadata. Ili maktaba ya Kampala iweze kubadilishana kumbukumbu na ile ya Dar es Salaam au London, yapasa wote waandike kwa utaratibu mmoja. Kwa sababu hiyo, mwaka 1995 wataalamu walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, wakaanzisha utaratibu uitwao Dublin Core. Utaratibu huo una vipengele 15, kama vile jina la kitu, aliyekitunga, mada, tarehe, lugha na mwenye haki.

Faida ya kuafikiana inaonekana hata katika tarehe. Picha ikiandikwa 11/04/1979, Mganda atasoma 11 Aprili, siku ambayo Kampala ilikuwa imetekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Mmarekani atasoma 4 Novemba, miezi mingi baada ya Amin kukimbia. Kanuni ya kimataifa huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 1979-04-11. Ikiandikwa hivyo, hakuna wa kukosea.

Jambo la pili ni muundo wa faili, yaani namna kompyuta inavyoipanga picha au barua ndani yake. Muundo wa TIFF, uliotolewa mwaka 1986, waweza kuhifadhi picha bila kupunguza chochote, na hupendwa na watunza nyaraka ingawa faili zake ni kubwa. Muundo wa JPEG, utumiwao na simu nyingi, huacha sehemu ndogo za picha ili faili iwe nyepesi, na kila inaporekebishwa na kuhifadhiwa upya hupungua tena. Kwa hati yapo matoleo ya PDF/A, yaliyowekewa kanuni mwaka 2005, ambayo hubeba ndani yake kila kinachohitajika ili yasomeke miaka mingi baadaye.

Uingereza ilijifunza somo hili kwa gharama. Mwaka 1986 shirika la BBC lilikusanya habari na picha za nchi nzima katika sahani maalumu zilizosomwa kwa mashine ya pekee. Haikupita miaka 20 ila mashine hizo zilikuwa adimu, na wataalamu wakalazimika kuhangaika kuziokoa habari hizo. Wakati huo kitabu cha sensa cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kilikuwa kingali kikisomeka.

Nyumbani nako mambo ni yale yale. Kamera ya simu huandika yenyewe tarehe na saa ndani ya picha, na pengine mahali ilipopigwa. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, hupunguzwa ukubwa na maandishi hayo huondolewa. Ikitumwa kama hati, hubaki. Askari aliye kazini akumbuke kwamba maandishi hayo hayo yaweza kumwonyesha adui mahali kambi ilipo, hivyo ni busara kuizuia simu isiandike mahali.

Mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe huulizwa namba ya utumishi, barua ya kuajiriwa na hati ya ndoa. Hati zilizopigwa picha na kuachwa na jina kama IMG_0412 hufichika katikati ya maelfu. Yafaa kila faili ipewe jina linalojieleza, kwa mfano: 2009-03-14 hati ya ndoa. Hati asilia isitupwe kamwe, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Moto uliounguza jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere mwezi Septemba 2020 ulionyesha kwamba hata jengo imara haliaminiki peke yake.

Kazi ya kwanza haihitaji mashine yoyote. Wazee wangali hai, na picha zao zimo kabatini. Mtoto anayejua kuandika na akae na bibi yake, amwulize kila uso ni wa nani, ni wapi na mwaka gani, kisha aandike.