Selimundu Si Urogi
Yapo maradhi ambayo jamii huyasingizia urogi, ilhali chanzo chake ni safari ndefu ya mwanadamu katika mazingira yake. Mojawapo ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao huzifanya chembe nyekundu za damu zijikunje mithili ya mundu.

Mnamo 1954, Anthony Allison, daktari aliyelelewa nchini Kenya, alionyesha kuwa mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi.

Mkono wa binadamu pia umo. Wahenga walipofyeka misitu ili walime, vidimbwi vilivyoachwa wazi juani vikawa mazalio ya mbu. Malaria ikakithiri, na wenye kinga wakanusurika na kuzaa wengi zaidi.

Hata hivyo, kinga hiyo ina gharama. Wawili wenye jeni hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Mtoto huyo hakurogwa, wala mamaye hana hatia.

Basi mwalimu, mwanafunzi wa aina hiyo mruhusu anywe maji kila mara, na asilazimishwe kukimbia wala kukaa kwenye baridi. Nanyi vijana, pimeni damu kabla ya kufunga ndoa. Wakati umewadia wa kuacha kunyoosheana vidole.