Hazina Moja ya Maandishi kwa Watu Wengi

Wahariri wawili wakisahihisha faili moja la kamusi, wa mwisho kuhifadhi hufuta kazi ya mwenziwe bila kujua. Tatizo hilo ni la zamani: Walter Tichy alilikabili kwa programu ya RCS mwaka 1982, na Linus Torvalds kwa Git mwaka 2005.

Katika seva ya Linux, msimamizi kwanza huunda kikundi na kumwingiza kila mshiriki kwa jina lake mwenyewe, ili ijulikane nani alibadili nini. Pili, hutenga saraka, huikabidhi kwa kikundi kwa amri ya chgrp, huitia alama ya urithi kwa chmod g+s, kisha ndani yake huandika git init --bare --shared=group. Neno --bare lamaanisha kwamba humo hamna mahali pa kuhariri, bali ghala la historia tu. Neno --shared huwapa wanakikundi wote ruhusa ya kuandika. Bila hilo, faili lililoletwa na mmoja humfungia mwingine mlango. Tangu mwaka 2022 Git hutilia shaka hazina ya mmiliki mwingine. Kwa hiyo huorodheshwa katika safe.directory.

Washiriki huifikia hazina kwa njia ya SSH. Anayeleta kazi bila kupokea kwanza ya wenziwe hukataliwa, wala hawezi kulazimisha. Zikipingana, uamuzi ni wa watu, si wa mashine. Mtandao ukikatika, kazi haisimami, kwani kila nakala kamili hubeba historia nzima.